Nilivyoukalia Mto wa Muasya

Mwanamume akipita mbele yangu simwangalii uso. Nina sababu, msinifikirie vibaya. Kazi yangu ni mito ya shanga, ile ya mbao ambayo madereva wa masafa marefu huitandika kwenye kiti ili mgongo usiwaue na suruali isilowe jasho, na mto mzuri huanza kwa kujua makalio ya mwenyewe. Kuna makalio mapana, bapa kama sinia. Kuna ya mtu mwembamba, ambayo usipomwekea shanga ndogo katikati yatamuuma hadi Mombasa. Halafu kuna ya watu wenye vyeo, ambayo hayatulii mahali. Mimi sina haja ya futi. Mtu akishuka kwenye lori hapa Voi, kabla hajafunga mlango nimeshajua nitamsukia vipi.

Naitwa Nthenya, lakini mjini wananiita Mama Daisy, kwa jina la binti yangu wa pekee. Kibanda changu kiko kando ya uwanja wa malori, kimeshikana na cha Elsie, mama wa Kitaita anayeuza ndizi na ovakado. Elsie ni mtu wa kanisa na mtu wa maneno machache. Nafikiri Mungu alimweka karibu nami ili kelele zipate wastani.

Shanga nachongewa na binamu yangu Changamwe. Uzi ni nailoni ya wavuvi, na kila shanga hupitiwa na nyuzi mbili, moja ikitoka kushoto na nyingine kulia, zinapishana ndani ya tundu, kisha unavuta mpaka kidole kilie. Ukimaliza, bado hujamaliza. Nailoni ikipata joto la mtu hulegea. Ukimpa dereva mto siku hiyohiyo, akifika Mtito Andei shanga zote zinacheza chini yake. Kwa hivyo kila mto ninaousuka naukalia mwenyewe kwanza, mchana kutwa, ulegee unavyotaka kulegea, halafu nakaza pembeni, nachoma mafundo kwa kiberiti na kuuzungushia nailoni nyepesi ya kufungia mizigo. Madereva wanalijua hilo na wanalipenda. "Mama Daisy, wangu umeukalia?" wananiuliza. Nawajibu, "Nimeukalia mpaka umeomba msamaha."

Basi siku moja akaja kijana mmoja wa Chawia, anaitwa Titus, anayeteremsha mboga na ndizi kutoka milimani kwa lori. Akauinua mto niliokuwa nimeuanika, akaugeuza huku na huku, akasema, "Mama, hii ni mto ama ni rozari imekushinda?"

Ebo! Damu ikanichemka. Nilimwambia mambo ambayo hayasemwi mbele ya Elsie. Yeye akavuta kibao, akaketi, akanisikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza mpira kwenye redio, kisha akasema, "Sawa. Nisukie mmoja. Lakini ukinisukia vibaya nitarudi."

Nikamsukia vizuri kabisa, nikamwapia kwamba akiuchafua asikanyage tena kwangu, na bado akarudi. Mara shanga fulani inamwangalia vibaya. Mara mto unaegemea upande wa Taveta. Mara amesahau tu alichotaka kulalamikia, nimpe muda akumbuke. Nami nikawa namtukana kwa raha zangu. Tangu mume wangu afariki sikuwa nimepata mtu wa kugombana naye sawasawa. Watu huwa wananiogopa ama wananihurumia, na yote mawili hayana ladha.

"Huyo haji kwa sababu ya mto," Elsie akasema.

"Anakuja kununua ndizi zako?"

"Ndizi zangu huletwa na yeye."

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Daisy habari za huyo mkaidi. Daisy anafanya kazi kwenye duka la dawa na amerithi utulivu wa babake. Aliniacha nikamaliza, akasema, "Mama, huyo ndiye Titus wangu. Alikuwa anatafuta njia ya kukuzoea kabla hatujakwambia."

"Huyo asiye na adabu?"

"Huyo huyo."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilifurahi, jamani, wacha niseme ukweli. Nilimwona Titus nyumbani kwangu akilalamikia chumvi ya mboga yangu mpaka uzeeni.

Lakini kuna Kimanzi. Kimanzi ni shemeji yangu, kakake marehemu mume wangu, analima ndizi kule Mboghoni, na kwa kuwa Daisy hana baba, yeye ndiye baba. Asiposimama yeye hakuna harusi, na Daisy alishasema hatatoroka kwenda kwa mwanamume kama mwizi wa kuku. Atatolewa nyumbani kwao kwa heshima ama hatoki. Sasa Kimanzi alikuwa amempata mtu wake, Muasya, mwenye duka la simiti na mabati hapa mjini. Muasya alikuwa amempa pampu ya maji ya shamba, na tangu siku hiyo ukimsikia Kimanzi akimsifu unadhani ni Muasya aliyeumba mto Lumi.

Akaja nyumbani, akanywa chai yangu, akaniambia wageni watafika Jumamosi na Daisy amepata bahati. Daisy akasema, "Baba mkubwa, mimi nina mtu." Kimanzi akasema mtu gani, yule Mtaita wa kabeji? Daisy akainuka, akaingia chumbani, nami nikasikia akilia kwenye mto wa kitanda. Daisy halii ovyo. Moyo uliniuma, nikataka kumrushia Kimanzi sufuria.

Yeye hata hakusikia. Alikuwa ameanza kunifundisha nthoni. Nthoni kwetu Wakamba ni ile haya ya mama mkwe na mkwe wa kiume, kuepukana, kutoangaliana. Wengi wameiacha. Kimanzi ni mzee wa kanisa, akisikia habari za waganga anatema mate, lakini kwa nthoni hata pasta hamwezi. Anajisifu kwamba alikutana na mama mkwe wake kwenye kinjia kule Bomeni, akaingia mferejini na suti ya Jumapili hadi mama alipopita.

"Kuanzia sasa," akasema akininyooshea kidole, "uso kwa uso na Muasya hakuna. Kucheka naye hakuna. Na usije ukaketi alipoketi, wala yeye asiketi ulipoketi wewe. Kiti cha mama mkwe ni kama kitanda chake. Mwanamume akikikalia, msichana wa nyumba hiyo hamwoi tena. Umesikia?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini polepole.

"Nimesikia, shemeji," nikasema. "Nimesikia vizuri sana."

Mto wa Titus nao nilikuwa nimeukalia, najua, msinikumbushe. Niliufikiria. Lakini nikajiambia Titus ni Mtaita, nthoni ya Wakamba itamjulia wapi? Nikajiona nina akili kuwashinda wanaume wote wa ukoo.

Kesho yake nikaenda kwa Muasya. Sikuingia dukani, kwani mimi ni mwanamke wa heshima. Nilisimama nyuma ya mabati yaliyopangwa uani, nikajitanda leso mpaka puani, nikaita, "Muasya! Usije huku! Ni mama yake Daisy!"

"Woi! Mama!" akajibu kutoka upande wa pili, na sauti yake ikaonyesha amefurahi. "Shikamoo mama! Una heshima kweli, mama!"

"Nataka kukupa zawadi. Mto wa shanga wa pikapu yako mpya. Geuka kidogo niuone mgongo, nipate kipimo."

Akageuka. Nikachungulia katikati ya mabati. Yalikuwa makalio ya mtu aliyezoea kusogezewa kiti. Nikamwambia mto utamfikia kupitia kwa karani wake, na Jumamosi aje nao nyumbani aukalie mbele ya wazee, wajue mama mkwe wake si mchoyo. Aliitikia "ndio mama" nyingi hata nikaanza kumhurumia. Si mtu mbaya, Muasya. Kosa lake ni kudhani msichana anapatikana kwa baba mkubwa wake.

Nilimsukia mto ambao sijawahi kusuka. Katikati niliweka shanga nyeusi za mpingo, pembeni zile nyekundu za mkaratusi, na kila tundu nililisafisha kwa sindano. Kisha nikaukalia. Niliukalia kibandani nikisuka mingine. Nikaukalia nyumbani nikimenya viazi. Jumatano kuna maombi ya akina mama, nikaubeba, nikautandika kwenye benchi, nikaukalia tangu wimbo wa kwanza hadi matangazo.

"Unaatamia?" Elsie akaninong'oneza katikati ya sala.

"Naam."

"Kitatoka nini?"

"Utaona Jumamosi. Uje unisaidie kupika."

Jumamosi ikafika. Muasya alikuja na wajomba zake wawili, wote wamevaa kofia. Upande wetu alikuwako Kimanzi, na mzee Kituku, mkubwa wa ukoo wa mume wangu, ambaye Kimanzi alikuwa amemtoa Taveta ili abariki. Mimi, Daisy na Elsie tulikuwa jikoni, pazia likiwa katikati yetu na sebule, kama Kimanzi alivyoagiza. Titus naye alikuwa kwenye lori lake huko barabarani. Daisy alikuwa amemwambia asubiri, hajui atasubiri nini. Hata yeye Daisy sikuwa nimemwambia. Angenikataza.

Nikachungulia pazia. Muasya akautoa mto chini ya kwapa, akaivua nailoni yake, akautandika kwenye kochi langu, akaupapasa, akaketi. Akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia. Uso wake ukatulia kama wa mtoto aliyeoga.

"Ala, kazi nzuri hiyo," mzee Kituku akasema. "Umeununua wapi?"

"Ni zawadi ya mama," Muasya akajibu.

"Shemeji yangu huyo," Kimanzi akadakia, kifua mbele. "Ana mikono ya dhahabu."

Nikakohoa nyuma ya pazia. "Mzee Kituku, naomba kuuliza jambo la mila. Nisamehewe, mimi sikusoma."

"Uliza, mama."

"Kiti alichokikalia mama mkwe, mkwe anaruhusiwa kukikalia?"

Kimanzi hakungoja mzee afungue mdomo. Alitaka wageni wajue nyumba hii ina mwalimu. "Mwiko! Si nilikufundisha?"

"Hata kama ni kidogo tu, shemeji?"

"Hata kama ni kupumzisha mguu!"

"Na akikikalia?"

"Hakuna ndoa! Imekufa! Wazee, si ndivyo?"

Wajomba wa Muasya wakaitikia kwamba ndivyo. Mzee Kituku naye akaitikia.

"Asante, shemeji," nikasema. "Basi mwambieni Muasya ainuke. Mto huo nimeukalia wiki nzima."

Jamani! Muasya aliruka kama mtu aliyekalia siafu. Kikombe chake kikammwagikia Kimanzi mapajani. Mjomba mmoja akavua kofia, akaivaa tena. Jikoni, Daisy alikuwa ameuma leso na machozi ya kicheko yanamtoka, na kuona hivyo tu nikajua hata nikichapwa sitajuta.

"Anadanganya," mjomba wa pili akasema. "Nani amemwona?"

Nikamsukuma Elsie nje ya pazia, kisu cha viazi kikiwa bado mkononi mwake. Voi nzima inamjua Elsie. Hata chumvi ya mboga haongezi, sembuse ya maneno.

"Ameukalia," Elsie akasema. "Mpaka kanisani." Akarudi kumenya viazi.

Wajomba wakainuka. Walisema mambo ya mila yana kusafishwa, mbuzi akichinjwa yanaisha, lakini wao hawaanzi nyumba mpya kwa kusafisha uchafu wa wengine. Wakatoka. Muasya alifika mlangoni, akasita, akarudi mbio kuuchukua mto. Mjomba wake akampiga mkono, "Wacha hicho kitu!" Akauacha. Alivyouangalia, niliona haya kidogo. Ulikuwa umemkaa vizuri kweli.

Sasa Kimanzi akanigeukia, suruali yote inatoa mvuke wa chai. Alisahau pazia, alisahau kila kitu.

"Ulijua! Ulifanya makusudi!"

"Nilijua nini?" nikamjibu, nimeshika kiuno. "Mimi mito yote naikalia. Ndiyo kazi yangu. Kamuulize dereva yeyote."

Kimanzi akatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

"Yote?"

"Yote."

"Na wa yule Mtaita? Si nasikia naye ulimsukia?"

Jibu langu lilikuwa tayari, nimeliweka mfukoni tangu siku ile. "Huyo si Mkamba. Nthoni haimhusu."

"Nthoni si ya kijana," Kimanzi akasema taratibu, akifurahia kila neno. "Nthoni ni ya mama. Kiti ni cha mama. Joto ni la mama. Wewe ni Mkamba, ama umehama?"

Nikamtazama mzee Kituku. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, kumaanisha Kimanzi amesema kweli.

Nikamwangalia Daisy. Kicheko kilikuwa kimekauka usoni. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "umefanya nini?" Mimi, mwenye mdomo wa kujaza uwanja wa malori, nilisimama pale nimeshika pazia. Nilikuwa nimemfukuza mwanamume asiyemtaka, na kwa fimbo ileile nikamfukuza anayemtaka.

"Mwite," Kimanzi akaamuru. "Aje tumalize yote leo."

Titus aliingiza lori mpaka mbele ya nyumba. Aliposhuka tu Kimanzi alikuwa ameshafika, akamsukuma kando, akafungua mlango wa dereva. "Mzee Kituku, njoo uone kwa macho yako! Huu hapa! Mto wa mama mkwe!"

Tukasogea wote. Mto ulikuwapo, kwenye kiti cha dereva, ni ule wangu. Lakini ulikuwa ndani ya nailoni. Ile nailoni nyepesi ya kufungia mizigo, ambayo huwa nazungushia mto nikiukabidhi, ilikuwa bado imeuzunguka pande zote, imejaa vumbi, imekunjamana, imekuwa rangi ya chai ya rangi, lakini haijachanika popote. Mzee Kituku akaigusa kwa ncha ya bakora. Ikalia kwaru kwaru.

"Kijana," akauliza, "mbona hujaitoa?"

Titus alikuwa hajui kinachoendelea. Aliwaangalia wazee, akaniangalia mimi, akajikuna kichwa. "Mzee, Mama Daisy aliniapia kwamba nikiuchafua nisikanyage tena kwake. Na mimi nilikuwa nataka kurudi."

Aii! Hapo nilitaka kumkumbatia.

"Voi hii?" mzee akashangaa. "Joto hili, wewe unakalia nailoni?"

"Nateseka, mzee. Nina vipele mahali siwezi kuwaonyesha."

Elsie akacheka. Elsie! Aliangua kicheko mpaka kisu kikamwanguka, na mimi nikafuata, na Daisy, na hata mzee Kituku mabega yakaanza kumcheza. Kimanzi peke yake hakucheka.

"Nailoni si kitu!" akafoka. "Joto linapita!"

"Linapita vipi?" mzee akamuuliza. "Wewe ukilala na mkate kitandani, uko kwenye karatasi yake, asubuhi utasema umeula?"

"Mzee, hiyo ni mkate!"

"Na mvua ikinyesha ukiwa na mwavuli, umenyeshewa?"

"Miguu, ndio!"

"Sizungumzii miguu, Kimanzi. Tunazungumzia makalio."

Walibishana wakiwa wameegemea lori, mmoja akigonga nailoni kwa kidole, mwingine kwa bakora. Kimanzi alisema nailoni haikuwako wakati wa mababu, kwa hivyo mila haiitambui. Mzee akasema malori pia hayakuwako. Kimanzi akasema basi atolewe Titus suruali ionekane kama ina alama za shanga. Mzee akasema akitaka kazi hiyo aifanye mwenyewe, yeye amekuja kubariki. Mwisho mzee akapiga bakora chini.

"Mto ameubeba, hajaukalia. Amekalia nailoni. Daisy, huyu ndiye unayemtaka?"

"Ndiye, babu."

"Basi watu wake waje. Na wewe Kimanzi utasimama kama baba, kwa sababu mila umeitaja wewe mwenyewe, na mila imekujibu."

Daisy alinirukia shingoni. Nililia, sikatai. Nikapangusa macho, nikamgeukia Titus, na tayari nilikuwa na neno la kumwambia juu ya vile vipele, neno zuri sana, na yeye ameshaanza kutabasamu akilingojea.

"Wacha!" Mzee Kituku aliinua bakora katikati yetu. "Nthenya, mbele ya wageni umeisimamisha nthoni ukavunja nayo posa. Huwezi kuitumia asubuhi ukaitupa mchana. Kuanzia sasa huyu ni mkwe wako. Hamtazamani, hamsemezani, hamcheki pamoja. Kijana, geuka."

Titus alinitazama. Nikaona anasubiri nibishe, kama kawaida yangu. Nilifungua mdomo. Nikamwona Daisy, nikamwona Kimanzi anavyonyemelea kosa dogo tu, nikaufunga.

Titus akageuka. Kimanzi akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Harusi ilifanyika Chawia, kanisa likajaa, baridi ya milimani ikatutia adabu sisi wa Voi. Kimanzi alisimama kama baba na akahutubia kupita pasta. Daisy alikuwa anang'aa. Mimi niliketi upande wa pili wa nguzo, nisije nikamwona bwana harusi uso, nikala pilau nikitazama nguzo.

Sasa Titus akiteremsha ndizi anasimama kwa Elsie kama zamani. Lakini ananipa mgongo, nami nampa mgongo, na Elsie yuko katikati.

"Elsie," mimi husema, "mwambie huyo mtu ndizi zake leo zimepigwa na nani."

"Elsie," yeye hujibu, akiangalia barabara, "mwambie huyo mama kwamba nilidhani ni yeye aliyezikalia."

"Mmesikiana," Elsie husema. Hafikishi neno hata moja, na sisi hatucheki, kwa maana kucheka pamoja ni mwiko. Kila mtu anacheka na upande wake.

Juzi Elsie aliinuka kwenda msalani akatuacha. Lori likapita, likaenda zake. Nilikuwa na mengi ya kumwambia yule kijana: kwamba Daisy amenenepa vizuri, kwamba naona alivyomtunza mke wake, kwamba nyumba yangu imekuwa na ukimya ambao siuwezi, kwamba nampenda kama mwanangu na kuyakosa matusi yake kunaninyima usingizi. Nikaendelea kuvuta uzi. Nyuma yangu nikasikia kibao kikivutwa, akaketi, mgongo wake kwa mgongo wangu.

Akakohoa.

Nami nikakohoa.

Tukakaa hivyo mpaka Elsie aliporudi.